Reanimasio si chumba cha kufia: kazi ya wauguzi wanaohesabu pumzi za wagonjwa wetu

Wiki hii tunazungumza juu ya mlango mmoja wa hospitali ambao wengi wetu tunaupita haraka bila kuutazama. Ni mlango wa reanimasio, chumba cha wagonjwa mahututi. Neno hilo likitajwa katika mikutano yetu, mara nyingi mtu anasema kwa sauti ya chini: "Kule ni kwa kwenda kufa." Mwingine anaongeza kwamba alimuona mtoto wa jirani akiwekewa oksijeni, na saa chache nyuma yake mtoto akafariki. Basi, anasema, oksijeni inaua.

Maneno hayo yana hatari. Mama anayeyaamini anachelewa kufika hospitalini, na akifika anakataa mrija wa oksijeni, au anamwondoa mgonjwa usiku na kumrudisha nyumbani. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza wauguzi wa chumba hicho wanafanya nini saa kwa saa, na sisi wamama tunaweza kuwasaidia kwa namna gani. Sisi tunaoandika ukurasa huu ni walimu, si waganga. Lakini kazi hii ina hesabu nyingi na uangalifu mwingi, na hayo mwalimu anayaelewa.

Chumba cha namna gani?

Reanimasio ni chumba anamowekwa mgonjwa ambaye kiungo kikubwa cha mwili wake, kama mapafu, moyo, figo au ubongo, kinaelekea kushindwa kazi, lakini bado kuna njia ya kumsaidia. Humo utamkuta mtoto mwenye malaria kali aliyepoteza fahamu, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, mama mwenye mimba aliyeshikwa na degedege kwa sababu ya tansio ya juu, kijana aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa, au mtu aliyetoka katika upasuaji mkubwa.

Wengi wanaoingia humo ni wagonjwa sana, na wengine wanafariki. Hilo ni kweli, na hatulifichi. Lakini hawafariki kwa sababu waliingia humo. Waliingia humo kwa sababu hali yao ilikuwa mbaya tayari. Anayelaumu chumba ni kama anayelaumu mwavuli kwamba ndio unaoleta mvua.

Mwanzo wa vyumba hivi unajulikana. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio ulishambulia mji wa Copenhagen katika nchi ya Denmark. Watu wengi, hata watoto, walishindwa kupumua wenyewe. Daktari Bjørn Ibsen alifundisha kuwapitishia wagonjwa mrija katika koo na kuwasukumia hewa kwa kukamua kifuko kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu usiku na mchana kukamua vifuko hivyo, wiki baada ya wiki, na vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata, 1953, Ibsen akaanzisha chumba cha pekee cha wagonjwa wa namna hiyo. Tangu mwanzo, basi, reanimasio ilikuwa kazi ya mikono ya watu wasiomwacha mgonjwa peke yake. Mashine zilifuata.

Kazi inaanza kwa kupokezana

Muuguzi wa asubuhi hafiki na kuanza kutoa dawa mara moja. Kwanza anasimama kando ya kila kitanda pamoja na yule aliyefanya gardi ya usiku. Wanaelezana: mgonjwa huyu amelalaje, amepata dawa gani na saa ngapi, amekojoa kiasi gani, ni nini kilichobadilika. Kila kitu kinaandikwa katika karatasi kubwa ya ufuatiliaji. Dawa ambayo haikuandikwa inaweza kutolewa mara mbili, au isitolewe kabisa. Sindano ya artesunati ya malaria kali, kwa mfano, inatolewa mgonjwa anapopokelewa, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24. Saa ikipotea, mgonjwa anapotea nayo. Kwa hiyo mkimuona muuguzi anaandika, msiseme anakalia makaratasi na kuacha wagonjwa. Kuandika ni sehemu ya kutibu.

Kiisha anaanza mzunguko. Kabla ya kutazama mashine anamtazama mtu. Je, puani mtoto anapanuka kila akivuta pumzi? Je, nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani? Midomo na viganja vina rangi gani? Miguu ni baridi? Anabonyeza ukucha kwa kidole, anauachia, anahesabu. Damu ikirudi haraka, kabla ya sekunde 2 kwisha, ni vema. Ikizidi sekunde 3, na mikono ni baridi, anajua damu haizunguki vizuri, na anamwita daktari hata kama mgonjwa bado anazungumza.

Kwa mtoto aliyepoteza fahamu kuna kipimo kilichotengenezwa hapa hapa Afrika, katika mji wa Blantyre nchini Malawi, kwa ajili ya watoto wenye malaria ya ubongo. Muuguzi anatazama mambo matatu: mtoto anafanya nini akiguswa kwa nguvu, analia namna gani, na macho yake yanafuata kitu au hapana. Alama zote ni 5. Zikiwa 2 au chini, mtoto yuko katika hali nzito. Na kitu kinachotajwa katika kipimo hicho kwa ajili ya macho ni uso wa mama. Muuguzi akikuambia, "Mama, inama, mwite," hafanyi mchezo. Anapima.

Hesabu ya matone

Hapa walimu tunafurahi. Serumu inayoning'inia juu ya kitanda haidondoki ovyo. Kwa mrija wa kawaida, matone 20 ni mililitri 1. Daktari akiandika kwamba mgonjwa apate mililitri 500 kwa saa 4, muuguzi anapiga hesabu: 500 mara 20 ni matone 10,000. Saa 4 ni dakika 240. Anagawanya, anapata matone 42 hivi kwa dakika. Anashika saa yake, anahesabu matone 10 au 11 kwa sekunde 15, anakaza au kulegeza gurudumu dogo la mrija mpaka ipate. Kwa watoto kuna mrija wa matone madogo, 60 kwa mililitri 1. Huo una hesabu nyepesi: idadi ya matone kwa dakika ni sawa na mililitri kwa saa. Mtoto anayetakiwa kupata mililitri 40 kwa saa anapewa matone 40 kwa dakika.

Tunayaeleza haya kwa sababu kuna desturi mbaya kati yetu. Mlinzi wa mgonjwa anaona serumu inakwenda polepole, anafungua gurudumu ili imalizike upesi. Anafikiri anasaidia. Lakini kwa mtoto mdogo, au kwa mtu mwenye moyo au figo dhaifu, maji mengi kwa mara moja yanaweza kujaa katika mapafu na kumzuia kupumua. Usiguse gurudumu. Ukiona matone yamesimama, au mkono umevimba pale sindano ilipo, mwite muuguzi.

Kuna hesabu nyingine tunayoiharibu bila kujua: ile ya mkojo. Muuguzi anapima mkojo kwa sababu ndio habari ya figo na ya mzunguko wa damu. Mama mwenye kilo 60 anatakiwa kukojoa angalau mililitri 30 kwa saa. Sasa mlinzi mwenye moyo mzuri anaona kifuko cha sonda kimejaa, anaenda kukimwaga chooni ili mgonjwa awe safi. Muuguzi anarudi, anakuta kifuko kitupu, na hajui kama mgonjwa amekojoa sana au hakukojoa kabisa. Kabla ya kumwaga kitu chochote, mkojo, matapishi au damu, mwonyeshe muuguzi kwanza.

Oksijeni haiui

Hewa tunayovuta ina oksijeni sehemu 21 hivi kwa 100. Kwa mtu mzima wa mapafu hiyo inatosha. Mwenye homa kali ya mapafu haimtoshi, kwa sababu mlango wa kuiingiza katika damu umezibwa. Anahitaji hewa yenye oksijeni nyingi zaidi. Inatoka katika chupa kubwa la chuma, au katika mashine inayovuta hewa ya chumba na kuondoa ile nyingine isiyohitajika. Mashine hiyo inahitaji umeme. Ndiyo sababu umeme ukikatika utawaona wauguzi wanakimbia: mmoja anakwenda kwenye jenereta, mwingine anafungua chupa, na wa tatu anakamua kifuko kwa mkono, kama wale wanafunzi wa mwaka 1952.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikataa oksijeni kwa mtoto wake wa miezi minane. Alikuwa amemuona mtoto wa shangazi yake akifariki na mrija puani. Muuguzi wa usiku hakumgombeza. Alileta kile kifaa kidogo kinachobana kidole na kutoa mwanga mwekundu, akamwambia, "Mama, tuanze na wewe." Akakiweka kwenye kidole cha mama: 96. Kisha kwenye kidole cha mtoto: 84. Akamweleza kwamba nambari hiyo ni kiasi cha oksijeni kilicho katika damu, na kwamba chini ya 90 mwili unaanza kukosa. Akamwomba atazame mwenyewe. Wakaweka mrija, na mama akaona nambari inapanda polepole: 87, 90, 93. Asubuhi ni yeye mwenyewe aliyekuwa anaurudisha mrija kila mtoto alipouvuta. Leo mtoto anatembea, na mama huyo ndiye anayewafundisha wengine katika avenyu yake.

Ujuzi wa muuguzi ni huo pia: kujua kwamba hofu ya mama haiondolewi kwa makelele.

Kifaa hicho cha kidole kilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Ni kizuri, lakini kinaweza kudanganywa. Kidole baridi, kidole kinachotetemeka, au kucha zenye verni vinaweza kukivuruga. Ukimpeleka dada au binti yako hospitalini, mwondolee verni. Na kuna jambo kubwa zaidi: mtu aliyelala na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa anaweza kuwa na sumu ya moshi katika damu, na kifaa kionyeshe nambari nzuri kabisa. Ikiwa mgonjwa wenu amekutwa hivyo, mwambieni muuguzi mara moja. Mashine haitamwambia.

Tena, penye oksijeni hapawashwi moto: hakuna sigara, hakuna mshumaa, hakuna mbabula karibu.

Kazi isiyoonekana

Sehemu kubwa ya siku ya muuguzi haina mashine. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila saa 2, upande wa kuume, mgongo, upande wa kushoto, ili nyama isioze kwa kulaliwa. Kichwa cha kitanda kinainuliwa ili mate na chakula visiingie katika mapafu. Kinywa kinasafishwa, macho yasiyofungika yanalindwa yasikauke, shuka linanyooshwa, maana hata mkunjo mdogo unaumiza ngozi. Na kati ya mgonjwa na mgonjwa, mikono inaoshwa. Mdudu wa ugonjwa anayetoka kitanda kimoja kwenda kingine husafiri kwa mikono yetu, hata ya mama anayekuja kusalimia.

Muuguzi mzuri anazungumza na mgonjwa aliyepoteza fahamu. "Mama, sasa nakugeuza. Mama, nakuchoma sindano kidogo." Wengine wanamcheka, lakini ana haki. Wagonjwa wengine waliozinduka wamesimulia waliyoyasikia walipokuwa wamelala. Basi kando ya kitanda tusihesabu madeni, tusigombanie mali, tusianze kulia kilio cha matanga. Tumwite jina lake, tumwambie watoto wako salama.

Haya yote wanayafanya katika hali ngumu. Katika nchi tajiri, muuguzi wa reanimasio anaangalia mgonjwa mmoja au wawili. Kwetu anaangalia wengi kuliko hao, na kuna wauguzi wanaofanya kazi miezi mingi wakipata posho ndogo tu badala ya mshahara kamili. Hatusemi hivyo ili kufunika makosa. Muuguzi anayewatukana wagonjwa au kuomba kitu chini ya meza anapashwa kushtakiwa kwa wakubwa wake. Lakini kabla ya kumwita mkali, tujue alilala saa ngapi.

Hapa Kivu tulijifunza hayo wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu 3,470 walishikwa katika mashariki ya nchi, na zaidi ya 2,280 walifariki. Wauguzi walivaa mavazi yaliyowafunika mwili mzima, yenye joto ambalo mtu halivumilii muda mrefu. Mwanzoni watu walikataa vituo, wakisema mtu akiingia hawamuoni tena. Ndipo huko Beni vikaletwa vyumba vya plastiki vinavyoonekana ndani. Muuguzi aliweza kumhudumia mgonjwa kutoka nje kupitia mikono iliyoshonwa katika ukuta, na jamaa waliweza kusimama kando na kumuona mtu wao. Wamama waliopona ugonjwa huo walirudi kuwabeba na kuwalisha watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Pale jamaa walipoona, hofu ilipungua. Somo ni hilohilo la kifaa cha kidole.

Mama ndiye muuguzi wa kwanza

Muuguzi wa reanimasio anaokoa mtu kwa kuona mabadiliko mapema. Lakini kabla yake kuna mtu mwingine aliyekuwa na nafasi ya kuyaona: mama aliyelala na mtoto kitanda kimoja. Kwa hiyo tujifunze hesabu moja tu.

Mtoto akiwa na kikohozi au homa, ngoja atulie, asiwe analia wala kunyonya. Inua nguo, tazama tumbo na kifua. Kila kinapopanda, hesabu moja. Hesabu dakika nzima kwa saa au telefone. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, ni haraka mno. Wa miezi 2 mpaka asitimize mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka asitimize miaka 5, 40 au zaidi. Akifikisha hapo, au nyama ya chini ya mbavu ikiingia ndani, nenda kituo cha afya siku ile ile.

Na kuna alama ambazo hazingojei asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa na degedege, au amelegea na haamki. Ondoka mara moja. Mtoto mwenye degedege au aliyepoteza fahamu, mlaze upande na usimtie kitu kinywani, wala maji, wala dawa, wala kijiko.

Ukifika, muuguzi anahitaji ukweli. Mwambie homa ilianza siku gani, na dawa zote ulizotoa. Lete makopo na vikaratasi vyake. Ikiwa bibi alimpa mtoto dawa ya majani, kwa kinywa au kwa njia ya nyuma, sema bila haya. Dawa nyingine za namna hiyo huumiza figo, na muuguzi asiyejua anatafuta sababu mahali pengine wakati saa zinakwenda. Chukua pia kaye na biki, sabuni, vikwembe viwili safi, na mtu mmoja wa kupokezana naye. Mlinzi aliyechoka haoni kitu.

Kuhusu pesa, tunajua ndizo zinazowafunga wengi. Vikundi vyenye sanduku la akiba vinaweza kuweka fungu dogo la ugonjwa wa ghafula, linalotoka siku ile ile bila kungoja mkutano. Penye mituele ya afya, tujiandikishe tukiwa wazima.

Kwa mkutano wa kikundi

Mkutano ujao, kila mama aje na mtoto wake mdogo na telefone yenye saa. Mhesabu pumzi za watoto wakiwa wazima, muandike nambari, ili siku ya ugonjwa mama ajue tofauti. Kisha mjibu pamoja maswali haya:

1. Nani kati yetu aliwahi kukataa oksijeni au kumwondoa mgonjwa hospitalini? Aliogopa nini?
2. Kutoka avenyu yetu usiku, tunamfikishaje mgonjwa hospitalini? Nani ana pikipiki au gari, na nambari yake iko wapi?
3. Tunaweza kumwalika muuguzi mmoja aje kutufundisha kwa saa moja? Nani atamwendea?

Swali la tatu lisiishie kwenye mazungumzo. Mchague mama wa kumwendea kabla ya kuagana.